Hesi inatoka safi kwa mizunguko 200, ikifika 500 inaharibika: spindo na mhimili Z haviendi pamoja

mkereza_tororo (Tororo)

Wakuu, habari za kazi. Nimekwama wiki ya pili sasa na shafti nne zimeshaharibika mikononi mwangu. Mwenye kuelewa anisaidie.

Nina lethi (mashine ya kukereza) kuukuu niliyoinunua kama chuma chakavu. Gia zote za pembeni nilizing'oa, mihimili ya X (kisu kuingia na kutoka) na Z (kisu kwenda kwa urefu wa shafti) nikaiwekea stepa mota, zile zinazokwenda hatua kwa hatua. Spindo, yaani mhimili unaozungusha kazi, inaendeshwa na mota ya fezi tatu kupitia invata (kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu na kubadili mwendo wa mota), maana umeme ulioingia kwenye banda langu ni wa fezi moja. Inaongozwa na programu ya LinuxCNC kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, na waya zote zinapita poti ya printa. Nyuma ya spindo kuna enkoda (kifaa kinachoiambia kompyuta spindo imezunguka kiasi gani) ya mistari 1024, inavutwa na mkanda wa meno, puli zote mbili meno 40. Spindo ikizunguka mara moja, enkoda nayo mara moja.

Kazi yenyewe ni shafti za mashine ya kukoboa kahawa. Kichwani zinataka hesi ya M24 (kipenyo milimita 24), pichi milimita 2, yaani jino hadi jino ni milimita 2.

Nikikata kwa mizunguko 200 kwa dakika, nati inaingia. Lakini uso wa meno umechanika kama umekwanguliwa na jiwe, na spindo inachoka kisu kikizama. Nikipandisha hadi 500 naona mambo mawili. Kwanza, kabla ya kila pasi (kila safari ya kukata) kisu kinasita: mara kinaondoka papo hapo, mara spindo inazunguka mara mbili au tatu ndipo kiondoke. Pili, hesi inapotoka. Kile kipimo cha majani, vile vibati vyenye meno ya pichi, kinakaa vizuri kwenye meno ya mwanzo, ukikisogeza mbele unaona mwanga unapenya chini yake. Nati inaingia mizunguko mitatu, inagoma.

Hesabu nimepiga: 500 mara 2 ni milimita 1000 kwa dakika. Mhimili wangu wa Z unaweza 1500. Nilijaribu hata kuacha G33 (amri ya kuifanya Z ifuate spindo) nikaandika G1 na F1000 (nenda moja kwa moja kwa kasi ya 1000), mambo yakawa mabaya zaidi. Nimekosea wapi?

fundi_katwe (Kampala)

Kaka, angalia kwanza kama stepa ya Z inapoteza hatua. Weka saa ya kupimia kwenye kitanda cha mashine, peleka Z mbele na nyuma mara ishirini kwa kasi hiyo ya 1000, uone kama sindano inarudi sifuri. Kaza pia puli ya enkoda. Skrubu ndogo ya puli ikilegea utatafuta mchawi mwaka mzima.

mkereza_tororo

Nimefanya yote mawili. Saa inarudi sifuri, haipotezi hata nusu alama. Puli nimeitoboa nikaipiga pini, haiwezi kuteleza.

mzee_gia (Jinja)

Kijana, kabla hatujafika kwenye ugonjwa wenyewe, hilo jambo la G1 tuliweke sawa, kwa sababu naona bado unafikiri kwa kasi. Hesi haikatwi kwa kasi. Inakatwa kwa nafasi.

Mimi nimekereza kwa lethi za mkono kwa zaidi ya miaka thelathini hapa Jinja. Zile gia ulizong'oa, unajua zilikuwa zinafanya nini? Zilifunga spindo na skrubu ndefu vikawa kitu kimoja. Spindo ikigeuka robo, kisu kinasogea robo ya pichi. Ukiizima mashine katikati ya pasi, spindo inapunguza mwendo na kisu nacho kinapunguza, vinasimama pamoja, hesi haidhuriki. Hakuna aliyewahi kuuliza spindo inakwenda mizunguko mingapi. Mwingereza Henry Maudslay alijenga lethi ya namna hiyo karibu na mwaka 1800, na hadi leo msingi haujabadilika.

Sasa wewe ukaandika G1 F1000. Umeiambia Z iende milimita 1000 kwa dakika, liwalo na liwe. Lakini hiyo 500 ya spindo yako ni ya kwenye skrini ya invata tu. Mota ya kawaida ya fezi tatu yenye jozi mbili za ncha za sumaku, kwa 50 Hz, ingepaswa kuzunguka 1500, lakini ikibebeshwa mzigo inashuka hadi kama 1440. Kisu kikizama kwenye chuma, spindo yako inaweza kuwa 480. Z bado inakwenda 1000. Gawanya: kila mzunguko unapata milimita 2.083 badala ya 2. Kwa hesi ya milimita 40, mizunguko 20, umepitiliza zaidi ya milimita moja na nusu. Karibu jino zima!

Na hilo si baya kuliko lote. Kwa G1 kila pasi inaanza spindo ikiwa popote ilipo. Pasi ya kwanza kisu kinaingia hapa, ya pili kinaingia upande wa pili wa shafti, kinakata katikati ya jino ulilokwisha kulichonga. Kwenye lethi ya mkono tuna ile saa ya hesi pale mbele ya kochi, ile sehemu inayobeba kisu: unangoja namba yako ifike ndipo unashusha nusu nati, ile inayoshika skrubu ndefu. Kwenye mashine yako kazi ya ile saa inafanywa na waya wa Z wa enkoda, ule unaopiga mara moja tu kwa mzunguko.

Kwa hiyo enkoda ndiyo gia zako sasa. Spindo ndiye bwana, mhimili Z unamfuata. Kompyuta inasoma spindo imezunguka mara ngapi na sehemu gani ya mzunguko, inazidisha kwa pichi, inausogeza Z hapo. G33 ni hiyo. Ikiwa G33 nayo inapotoka, basi kompyuta inadanganywa kuhusu mahali spindo ilipo. Hapo ndipo pa kutafuta.

jirani_busia (Busia)

Mzee, ahsante sana. Leo ndiyo nimeelewa kwa nini kwenye kitabu cha mashine ya Fanuc kazini wameandika usiguse kitufe cha kupandisha mwendo wakati wa kukata hesi.

nyota_arua (Arua)

Ndugu wa Tororo, swali moja tu. Kwenye faili lako la INI, lile la mipangilio ya LinuxCNC, BASE_PERIOD imeandikwa ngapi?

mkereza_tororo

50000, dada. Sijawahi kuigusa.

nyota_arua

Basi ugonjwa umeonekana, na maneno ya mzee yanakamilika hapo: enkoda yako ni nzima, kompyuta ndiyo haiwahi kuisoma.

Hiyo 50000 ni nanosekunde. Maana yake kompyuta inachungulia poti ya printa kila maikrosekunde 50, mara 20,000 kwa sekunde. Kinachopita katikati ya kuchungulia mara mbili hakuna anayekiona.

Enkoda ina mistari 1024. Kila mstari una kingo nne ukihesabu A na B, zile waya mbili za mapigo, pamoja, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo 4096. Spindo ikiwa 200 kwa dakika unapata mapigo kama 13,650 kwa sekunde. Yote yanaonekana, ndiyo maana nati inaingia. Ikiwa 500 unapata kama 34,130. Kompyuta inaona 20,000. Mengine yanapotea, na si kwa utaratibu: hapa yanapotea machache, pale mengi, pengine inadhani spindo imerudi nyuma. Z inafuata takwimu hizo za uongo. Mpaka wako kwa hesabu ni mizunguko 293 kwa dakika, na kwa vitendo nisingethubutu kuvuka 250.

Na ule msito kabla ya pasi una mzizi huohuo. G33 haianzi mpaka pigo la waya wa Z wa enkoda lionekane. Programu inainua alama inayoitwa index-enable na kungoja. Enkoda ikikutana na pigo la Z inajirudisha sifuri na kuishusha alama hiyo, ndipo kisu kinaondoka. Kwenye enkoda nyingi za aina hii pigo la Z lina upana wa robo ya mstari. Kwa mizunguko 500 linadumu maikrosekunde 29 tu, na kompyuta yako inafumba jicho kwa 50. Mara inalikuta, mara linapita. Likipita, inangoja mzunguko unaofuata. Kwa mizunguko 200 pigo hilo linadumu maikrosekunde 73, haliwezi kupita bila kuonekana.

Unaweza kuhakikisha bila kukata chuma. Washa spindo kwa 500, fungua Halshow (dirisha la LinuxCNC la kutazama ishara), tazama spindle.0.speed-in. Inasoma mizunguko kwa sekunde, si kwa dakika, kwa hiyo inapaswa kuwa karibu 8.3. Nadhani utaona inarukaruka.

mkereza_tororo

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Kwa 200 inakaa 3.3 imetulia kabisa. Kwa 500 inaruka 2, 5, wakati mwingine inaonyesha hasi! Dada Nyota, Mungu akubariki. Wiki mbili nimekuwa nikimlaumu aliyeniuzia stepa.

jirani_busia

Si aweke tu x4-mode (mpangilio wa kuhesabu kingo zote nne) kuwa false, yaani aizime? Mapigo yatarudi 1024 kwa mzunguko, yanakuwa 8,530 kwa sekunde, chini ya 20,000.

nyota_arua

Inavutia lakini haitamsaidia, jirani. x4-mode inabadilisha kinachohesabiwa, haibadilishi kinachopita kwenye waya. A na B bado zinabadilika mara 34,130 kwa sekunde, na ili kompyuta ijue zinakwenda upande gani lazima ione kila hali kati ya zile nne. Ikiruka moja tu imepotea.

Kinachoweza kumvusha kwa muda ni counter-mode: inasoma A peke yake na kuiacha B. Hapo anahitaji kuiona A ikipanda na ikishuka, yaani kuchungulia mara 17,070 kwa sekunde kwa mizunguko 500. Anazo 20,000. Amebana sana, lakini anapita. Anachopoteza ni mwelekeo: kompyuta haitajua spindo ikirudi nyuma. Kwa G33 na G76 (amri ya kukata hesi nzima kwa pasi nyingi) si neno, spindo inakwenda upande mmoja. Kwa kupiga tepu (kukata hesi ndani ya tundu) kwa G33.1 haifai hata kidogo, kwa sababu pale spindo inageuka chini ya tundu na Z lazima igeuke nayo. Na pigo lake la Z bado litakuwa linampita mara kwa mara.

Dawa ya kweli ni mbili. Ama kununua kadi inayohesabu mapigo yenyewe, kama zile za Mesa, ambazo mapigo 34,000 kwa sekunde kwao si kitu. Ama kupunguza mapigo kwenye chanzo: enkoda yenye mistari michache.

fundi_katwe

Na kwa wanaosoma wakiwa na bodi ndogo za Grbl, programu nyingine ya kuongoza mashine: Grbl ya kawaida haina kabisa kazi hii ya kufuata spindo, msipoteze muda kuitafuta. grblHAL inayo kwa baadhi ya bodi. Programu ya Mach3 kwa poti ya printa inasoma pigo moja tu kwa mzunguko na kukadiria kasi. Inakata, lakini spindo ikichoka katikati ya pasi haina habari mpaka mzunguko uishe.

mkereza_tororo

Kadi hiyo kwa sasa siiwezi, kuiagiza mpaka ifike hapa mwenye kahawa atakuwa ameshahamia kwa fundi mwingine. Enkoda yenye mistari michache nitaipata wapi?

mzee_gia

Utaitengeneza wewe mwenyewe, una mashine.

Chukua bati la alumini la milimita 2. Kereza diski ya kipenyo cha milimita 110, tundu la katikati likae kwenye mkia wa spindo bila kucheza. Kwenye kichwa cha kugawanyia kata mianya 50 kutoka ukingoni, kila mmoja nyuzi 7.2 kutoka mwenzake. Kwenye duara la milimita 100 mwanya na jino lake vinachukua milimita 6.28, kwa hiyo kisu cha milimita 3 kinakupa mwanya na jino karibu sawa. Ndani zaidi, kwenye duara dogo, toboa mwanya mmoja peke yake. Huo ndio Z wako.

Sensa ni zile ndogo zenye umbo la U zinazochungulia karatasi ndani ya printa. Ng'oa tatu kutoka printa zilizokufa. Moja ni A, moja ni B, moja inakaa kwenye mwanya wa Z. B lazima ipishane na A kwa robo ya mwanya na jino, ambayo ni nyuzi 1.8, na hapo ndipo vijana wengi wanakwama kwa sababu sensa mbili haziwezi kukaa karibu kiasi hicho. Huhitaji zikaribiane. Ruka mianya mitano mizima na robo: 5.25 mara 7.2 ni nyuzi 37.8. Ziweke hapo, umeme hautambui tofauti. Tengeneza bamba la sensa lenye tundu refu ili uweze kuisogeza B kidogokidogo hadi iwe robo kamili.

Paka diski rangi nyeusi isiyong'aa, mwanga usirudi. Na uifunike, mafuta na vumbi la chuma vikiingia kwenye jicho la sensa utarudi hapa kulia tena.

nyota_arua

Mianya 50 ni mapigo 200 kwa mzunguko. Kwa 500 ni mapigo 1,670 kwa sekunde, hata ukienda 2000 hayafiki 6,700. Pigo la Z nalo linakuwa pana, haliwezi kupita bila kuonekana.

Usiogope kwamba 200 ni machache. Kwa pichi 2, kila pigo ni milimita 0.01 ya Z, na ukiunganisha encoder.0.position-interpolated na spindle.0.revs programu inajaza pengo lililo kati ya pigo na pigo, Z haitembei kwa kudundadunda. Spindo ni chuma kizito, haibadilishi mwendo ndani ya pigo moja.

Kabla ya kukata, geuza chaku kwa mkono kuelekea upande wa M3 (amri ya kuzungusha spindo mbele) na utazame spindle.0.revs. Lazima ipande. Ikishuka, weka alama ya kutoa kwenye position-scale, ile idadi ya mapigo kwa mzunguko.

fundi_katwe

Na hiyo spindo inayochoka: usiishushe kwa invata. Mota ikiwa 15 Hz haina nguvu ya kukata na feni yake haiipozi. Hamisha mkanda kwenye puli ndogo ya mota ili 500 ipatikane mota ikiwa karibu na 50 Hz. Enkoda itaifanya Z ifuate spindo hata ikipungua, lakini ikisimama kabisa ndani ya chuma, ncha ya kabaidi inavunjika.

mkereza_tororo

Wakuu, nimerudi. Siku sita zimepita.

Diski iko mahali pake. Sensa nilipata kwa fundi wa printa pale sokoni, alinipa kopo zima bure. Kugeuza kwa mkono, revs ilishuka, nikaweka -200. Nikawasha kwa 500: speed-in inasoma 8.2, imetulia.

Nikachukua shafti mojawapo ya zile zilizoharibika, nikaikereza upya hadi kipenyo cha 24 nyuma ya ile hesi mbovu, pale ilipokuwa bado na unene wa kutosha. Nikaipaka wino wa maka, yote. Nikapeleka kisu kiguse kidogo tu, milimita 0.05, nikaendesha G33. Ukatoka mstari mmoja mwembamba unaozunguka shafti, unang'aa ndani ya wino. Bila kugusa X nikaendesha tena. Na tena. Mara nane. Nikatazama kwa kioo cha kukuzia: mstari ni uleule mmoja, haujapanuka. Kwa 500! Nilimwita kijana wangu aje aone.

Lakini sasa G76 imenipa kitu kingine. Imemaliza pasi zote, meno ni mazuri, uso unang'aa, pichi kwenye kipimo ni 2 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nati haiingii hata jino moja. Mstari wangu ni huu, nimeanzia X26 Z3:

G76 P2 Z-40 I-2 J0.4 K1.227 R2 Q29.5 H2

Kina nimechukua 0.6134 mara pichi.

fundi_katwe

Uko kwenye G7 (X inasomwa kwa kipenyo) au G8 (kwa nusu kipenyo)?

mkereza_tororo

G7, napenda kusoma kipenyo.

fundi_katwe

Basi umekata nusu ya kina. Kwenye G7, I (umbali hadi uso wa hesi), J (kina cha pasi ya kwanza) na K (kina kizima) zote zinasomwa kwa kipenyo. I yako umeiweka sawa, kutoka 26 hadi 24, lakini K umeacha ya upande mmoja. Andika K2.454. Chini ya jino utakuwa na kipenyo cha 21.546.

nyota_arua

Na hiyo Z3 ni fupi mno. Mchapuko wa Z yako, yaani kasi yake inavyopanda, ni ngapi?

mkereza_tororo

40 kwenye INI.

nyota_arua

Mizunguko 500 kwa pichi 2 ni milimita 16.7 kwa sekunde. Kutoka kusimama hadi kasi hiyo kwa mchapuko wa 40, Z inakula milimita 3.5 kabla haijaishika spindo. Umeanzia 3, kwa hiyo jino la kwanza linakatwa Z ikiwa bado inakimbiza. Anzia Z8. Na ukishaanza kukata usibadilishe mizunguko ya spindo hadi hesi iishe. Pasi moja kwa 500 na nyingine kwa 400 hazitaingia mfereji mmoja, kwa sababu Z inahitaji umbali tofauti kuishika spindo.

mkereza_tororo

Z8, K2.454, mkanda kwenye puli ndogo. Shafti mpya, nikakata mwanzo hadi mwisho kwa 500 bila kusimama.

Kisu hakisiti tena, kinarudi na kuondoka, kinarudi na kuondoka, kwa mdundo mmoja. Nati imeingia kwa vidole viwili hadi mwisho wa hesi, haichezi. Nikaitoa, nikaigeuza upande wa pili, ikaingia vilevile.

Shafti hiyo imeondoka leo asubuhi kwa bodaboda kwenda Mbale. Zimebaki tano.